Sifuri ya Geji

Ukifika pale kwa fundi matairi ukauliza jina halisi la mke wake, watu watakuangalia kama umepotea njia. Wanamjua kwa jina moja tu, Mama Upepo, na jina hilo alilipata kwa haki. Mumewe huvua matairi, huziba na kurudisha. Kompresa ni ya mama: ndiye anayeiwasha, anayejaza upepo na anayesoma geji. Ana sikio la mashine. Kompresa ikibadili mkoromo kidogo tu, huacha mazungumzo katikati ya neno akaenda kuikagua, hata kama aliyekuwa akizungumza naye ni mteja mwenye malalamiko. Hasa kama ni mteja mwenye malalamiko.

Karakana ni chumba kimoja cha matofali yasiyopigwa lipu, na mbele yake sakafu ya saruji iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi. Nyuma kuna ua, na ng'ambo ya ua ndiyo nyumba yao. Kibarazani huketi mama mkwe tangu asubuhi, akichambua maharage na kuchambua watu. Ndani yumo binti yao, ambaye sauti yake husikika mpaka barabara kuu, na kwa binti huyo ndiko mambo yote yalikoanzia.

Alizaliwa kimya. Mama Upepo hakusikia kilio alichokuwa akikisubiri. Alisikia muuguzi akiita kwa ukali, akasikia neno "mtungi", halafu neno "umeisha". Mara mlango ukasukumwa, akaingia mtu mwenye ovaroli ya bluu akikokota mtungi wa oksijeni kwenye kitoroli. Akaunga mpira, akageuza spana, akatega sikio kusikia kama gesi inapita, akaondoka zake. Hakungoja hata kidogo. Mama Upepo hakumwona sura. Alimwona mgongo, na visigino vya buti vilivyolika upande mmoja. Muda mfupi baadaye mtoto akalia, na tangu siku hiyo hajanyamaza. Bibi yake husema anafidia ile dakika ya kwanza.

Asante ya kumpa mtu yule ilimkaa Mama Upepo kooni. Kila alipompeleka mtoto kliniki alitazama buti za wanaume wapita njia mpaka mumewe akaanza kuuliza kulikoni. Hakumpata. Miaka ikaenda, na ile asante, kwa kuwa haikupata pa kutokea, ikageuka kuwa mpango: kama hawezi kumshukuru yule mtu, basi ataifanya kazi yake. Hospitali huchukua watu wachache kila mwaka na kuwafundisha ufundi wa gesi, yaani kutunza mitungi, mabomba na geji zake. Masharti ni mawili tu. Uwe umefaulu kemia ya sekondari, na uwe hujapita miaka arobaini na mitano.

Yeye aliacha shule kabla ya mtihani wa mwisho. Akajiandikisha darasa la watu wazima, Jumamosi mchana, katika shule ya jirani ambako madawati yalimbana magoti. Masomo mengine aliyamudu. Kemia ikamwangusha mara ya kwanza. Akajikaza, akarudia, ikamwangusha mara ya pili. Sasa ilibaki mara moja tu, kwa sababu mwaka uliofuata angekuwa amevuka umri. Akifeli hii, basi, atabaki kujaza matairi na kutazama buti za watu.

Kilichomwangusha kilijulikana, na hapo ndipo uchungu ulipokuwa. Si tindikali wala metali. Ni gesi! Mtu anayeitwa Mama Upepo alikuwa akianguka kwenye maswali ya gesi, na mama mkwe, Mungu ambariki, hakuacha kulikumbusha jambo hilo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Ina herufi tano na alama moja ya usawa: PV ni sawa na nRT. Upande mmoja kanieneo, ambayo karakanani huitwa presha, zidisha kwa ujazo. Upande wa pili idadi ya moli, ambazo ndizo kipimo cha wingi wa gesi, zidisha kwa namba isiyobadilika iitwayo R na kwa halijoto. Ukijua vitu vyote isipokuwa kimoja, unakipata hicho kimoja. Mtihani wa kwanza Mama Upepo aliingiza halijoto kwa nyuzi za sentigredi kama alivyoikuta kwenye swali, akapata mtungi mdogo wenye gesi ya kujaza ukumbi. Alifundishwa kosa lake: ongeza mia mbili sabini na tatu kwanza, ndipo upate kelvini. Akalishika somo hilo. Mtihani wa pili akaongeza vizuri kabisa, akafuta jasho, akapata jibu safi lenye nukta zake, akafeli tena. Na akishajikwaa kwenye gesi moyo humwenda mbio, hata yale anayoyajua yanamtoroka.

"Tatizo lako liko mahali fulani," alisema mwalimu wa kemia, kijana mwembamba mwenye pikipiki na uvumilivu mwingi kuliko mshahara wake. "Hesabu unajua. Kanuni unaijua. Lakini kila swali la mtungi majibu yako yanapungua. Yanapungua kwa nini?"

"Labda mitungi yenu inavuja," alijibu Mama Upepo, na darasa likaangua kicheko. Alitania, lakini alirudi nyumbani amenuna, na kompresa ilikoroma bila kukaguliwa.

Siku moja ya katikati ya wiki, jua likiwa limeanza kulegea, mwalimu alifika karakanani akiisukuma pikipiki. Tairi la nyuma lilikuwa limelala chini kabisa. Fundi akalivua na kuingia nalo ndani. Mama Upepo alikuwa amekwisha kuizima kompresa na kufungua bomba la chini ya tangi ili maji yaliyojikusanya humo yatoke, kama afanyavyo kila jioni. Upepo ukapiga kelele, ukanung'unika, ukaisha. Mshale wa geji ukashuka mpaka sifuri.

"Haya," akasema akijipangusa mikono, "tangi tupu. Mwalimu, utanisubiri niijaze upya, maana umekuja wakati wa kufunga."

Mwalimu, aliyekuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, akainua kichwa.

"Umesemaje?"

"Nimesema utanisubiri."

"Kabla ya hapo."

"Tangi tupu."

"Tupu?"

"Geji hiyo hapo, Mwalimu. Sifuri. Au na macho yako nayo yanataka upepo?"

Mwalimu hakucheka. Aliinuka akachuchumaa mbele ya tangi kama mtu aliyeona pesa imeanguka.

"Tangi hili ni lita ngapi?"

"Thelathini. Imeandikwa hapo ubavuni."

"Na bomba la chini liko wazi?"

"Liko wazi."

"Kwa hiyo hewa ya hapa nje, hii tunayovuta mimi na wewe, ikitaka kuingia humo inaweza?"

"Inaweza. Lakini haiingii, ungesikia."

"Kwa nini haiingii? Mlango si uko wazi? Na ndani si patupu?"

Mama Upepo akafungua mdomo amjibu. Alikuwa na jibu tayari, kwa sababu kwa habari ya upepo hajawahi kukosa jibu. Kabla hajalitoa, akainamia bomba lililo wazi. Akalitazama tangi. Akaitazama geji, ile geji aliyoisoma miaka yote ya ndoa yake, na mshale wake umelala kwenye sifuri.

"Haiingii," akasema polepole, "kwa sababu... imo tayari."

"Ehee!"

"Imo tayari, Mwalimu! Imejaa humo kama ilivyojaa hapa nje!"

"Ehee, mama! Sema tena!"

Mama mkwe kibarazani akaacha maharage. "Jamani, kuna nini huko? Nani kashinda?"

Mama Upepo alikuwa amekwisha kupiga magoti sakafuni na kipande cha chaki mkononi, ile chaki ya kuwekea alama mahali palipotoboka. Juu ya saruji nyeusi akaandika kanuni. Presha ya hewa ya nje, atmosfia moja. Ujazo, lita thelathini. Halijoto ya jioni ile wakaikadiria kuwa nyuzi ishirini na saba, ambazo ni kelvini mia tatu. R, sifuri nukta sifuri nane mbili. Moja mara thelathini ni thelathini. Sifuri nukta sifuri nane mbili mara mia tatu ni ishirini na nne nukta sita. Akagawanya, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Moli moja nukta mbili mbili.

"Hizo zimo ndani ya tangi lako tupu," mwalimu akasema. "Karibu gramu thelathini na tano za hewa. Nani alizijaza?"

"Hakuna. Sijajaza mimi."

"Basi jaza sasa. Geji isome atmosfia mbili. Zamani ungefanyaje?"

"Ningeweka mbili."

"Weka, tuone."

Akaweka mbili, akapata moli mbili nukta nne nne. Kisha, bila kuambiwa, akafuta ile mbili kwa kiganja, akaandika tatu: mbili za geji na moja ya hewa iliyokuwamo. Akapata tatu nukta sita sita. Akatoa jibu la kwanza kutoka la pili. Ikabaki ileile moja nukta mbili mbili, zile moli ambazo hakuna mtu aliyezijaza.

Alikaa juu ya visigino vyake, chaki puani. "Kwenye mtihani wanaandika chini, 'Hewa ya nje ni atmosfia moja.' Mara zote mbili niliiona. Nikajua wameiweka kutupoteza maboya. Nikairuka kama ninavyoruka dimbwi!"

"Si wewe tu. Geji inahesabu kilichozidi. Inaanza kuhesabu juu ya hewa ambayo sote tunayo, na hiyo haituambii. Sifuri yake si sifuri ya kweli. Na nyuzi za sentigredi ni hivyohivyo: sifuri yake ni pale maji yanapoganda tu, joto bado limo. Ndiyo maana unaongeza mia mbili sabini na tatu."

"Sifuri mbili za uongo," akasema Mama Upepo. "Zimenichelewesha miaka miwili."

"Mimi presha yangu daktari aliniambia mia na sitini," mama mkwe akaingilia, kwa sababu neno presha likitajwa haliwezi kumpita. "Nyie mnahangaika na moja na mbili!"

Mwalimu ni mtu mzuri, lakini hajui pa kunyamaza. "Hiyo ya daktari nayo ni ya geji, Bibi. Inahesabiwa juu ya presha ya hewa. Ukijumlisha na ile ya hewa kwa kipimo hichohicho, inapita mia tisa."

Mama mkwe akashika kifua. "Mia tisa! Fundi! Ziba tairi la huyu mtu aende zake kabla hajaniua!"

Walicheka mpaka fundi akatoka ndani na nyundo ya mpira mkononi kuja kuona kama kuna ajali. Aliikuta sakafu yake imejaa namba, mkewe amekaa katikati yake akicheka na kulia kwa pamoja. Akazunguka kwa pembeni ili asizikanyage. Kesho yake hakuziosha, wala siku iliyofuata, na wateja waliambiwa waegeshe upande wa pili.

Kuanzia jioni hiyo Mama Upepo alifanya maswali ya gesi kila aendapo. Aliufanyia hesabu mpira wa mtoto wa jirani. Alimweleza mama mkwe, huku wakichambua maharage pamoja, kwa nini chupa ya plastiki iliyofungwa juani huvimba, na mama mkwe akauliza maswali ya kijinga kwa makusudi ili ajibiwe kwa urefu. Fundi, ambaye miaka yote hiyo alikuwa ameendesha kompresa peke yake Jumamosi, vibaya kabisa, akajaza matairi ya watu kupita kiasi na kutukanwa bila kusema neno, sasa alimwambia, "Nenda na Jumatano pia, kama mwalimu anakubali." Mwalimu alikubali.

Siku ya mtihani swali lilimngoja katikati ya karatasi. Mtungi wa oksijeni, lita arobaini, nyuzi ishirini na saba, geji inasoma atmosfia tano. Na chini, kwa herufi zilezile ndogo: hewa ya nje ni atmosfia moja. Mama Upepo aliitazama sentensi ile kama mtu aliyekutana na jirani aliyemnunia bure. Akaandika sita, si tano. Akapata moli tisa nukta saba sita, akazigeuza kuwa gramu mia tatu na kumi na mbili.

Sehemu ya pili ilisema mtungi huo umeachwa juani ukafika nyuzi hamsini na saba. Geji itasoma ngapi? Mkono ulianza kugawanya hamsini na saba kwa ishirini na saba, haraka, kwa mazoea ya zamani. Jibu likawa linakwenda kuwa zaidi ya maradufu. Akasimamisha kalamu. Tangu lini tairi lililopimwa asubuhi likawa na presha maradufu mchana? Matairi yote ya mji yangekuwa yanapasuka saa sita kamili. Akafuta, akaweka kelvini mia tatu thelathini juu ya mia tatu, akapata sita nukta sita, akatoa moja ya hewa ya nje. Geji itasoma tano nukta sita. Imepanda kidogo tu, kama matairi yanavyopanda. Moyo haukumwenda mbio. Akageuza ukurasa.

Matokeo yalibandikwa ukutani pale shuleni, na yeye hakuthubutu kwenda. Alimtuma binti. Hilo lilikuwa kosa, au labda ndilo lilikuwa jambo bora alilowahi kufanya, kwa sababu binti hakungoja kufika nyumbani. Alianza kupiga kelele tangu kona ya barabara, kwa mapafu yote aliyopewa. "Mama kafaulu! Mama kafaulu kemia!" Muuza mkaa alijua kabla ya mama. Kinyozi alijua kabla ya mama. Mama Upepo alisimama karibu na kompresa akiisikiliza sauti ile ikikaribia, sauti ambayo siku moja aliingoja ikakawia. Akakaa juu ya tairi. Mumewe akaja akakaa kando yake, akamshika mkono uliojaa oili kwa mkono uliojaa oili.

Siku ya kwanza hospitalini alipokewa na mkuu wa stoo ya gesi, mzee mwenye nywele za kijivu na ovaroli ya bluu. Mama Upepo, kwa mazoea, alitazama buti kwanza. Zilikuwa mpya, hazikumwambia chochote.

"Kwa hiyo, mama," mkuu akasema, "huku kwetu unaanza na sifuri?"

"Ndiyo, mkuu. Lakini sifuri ya geji."

Mkuu akamkazia macho. Kisha akaelewa, na kicheko kikampanda kutoka tumboni mpaka mitungi ikaitikia. Hakuhitaji kufafanuliwa. Lakini Mama Upepo alifafanua, kwa sababu alitaka kusema. Alimweleza habari za mwalimu na tairi lake, za mume aliyetukanwa Jumamosi zote, za mama mkwe aliyejifanya hajui. "Hao wote walikuwamo ndani yangu kabla sijafika hapa," akasema. "Na kuna mmoja ambaye sijawahi kumwambia asante." Akamsimulia juu ya mtungi, ovaroli ya bluu, na visigino vilivyolika upande mmoja.

Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. "Wakati ule tulikuwa watatu," akasema. "Sura hukuiona kabisa?"

"Mgongo tu."

"Mmoja ameshafariki, mmoja amestaafu, na wa tatu ni mimi. Na buti zetu sote zilikuwa mbovu." Akakuna kidevu. "Sikumbuki, mama. Nisikudanganye. Tulipeleka mitungi mingi sana, na hatukuwa tunangoja kuona."

"Basi asante ni ya wote watatu," akasema Mama Upepo. Akampa mkono. Mkuu akaupokea mkono ule kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Simu ya ukutani ikalia. Wodi ya wazazi, mtungi unakaribia kuisha. Mkuu akamwonyesha kitoroli kwa kidevu, naye Mama Upepo akakikamata na kuukokota mtungi mpya kwenye korido ndefu, mkuu akitangulia kufungua milango. Chumbani mkuu aliunga mpira, akampa spana. Mama Upepo akageuza. Akatega sikio, lile sikio lake la kompresa, akasikia gesi inapita sawasawa.

Alitaka kubaki. Alitaka kusikia mtoto akilia.

"Twende," mkuu akanong'ona, "wodi ya pili nao wanangoja."

Wakatoka. Mama aliyelala kitandani hakuwatazama. Alikuwa akimtazama mtoto wake, na Mama Upepo alivuta mlango taratibu ili usigonge.